"Weka kidole": mashine za huduma Katavi na wenzetu wasio na cha kuweka



Kuna maneno mawili ambayo kila mwenye simu hapa Mpanda ameshaambiwa: "Weka kidole." Unaambiwa kwa wakala wa laini kule sokoni Buzogwe, unaambiwa ukienda kurudisha laini iliyopotea, unaambiwa benki ukifungua akaunti. Wengi wetu tunaweka, kitaa kinawaka kijani, tunachukua laini yetu na kuondoka. Hatulifikirii tena jambo hilo.

Leo naomba tuwafikirie wale ambao wakiambiwa hivyo hawana cha kuweka, au wanacho lakini mashine inakikataa. Tuwafikirie pia wenzao wanaosimama mbele ya ATM bila kuona kilichoandikwa, na wale waliokaa kwenye kiti mwendo ambao mkono haufiki kwenye vibonyezo.

Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema ili tusipotezeane muda. Mashine ya umma ikiwa na njia moja tu ya kuingiza taarifa, inamlazimisha mtu mwenye ulemavu kumkabidhi mtu mwingine siri yake, pesa yake, au hata jina lake. Na kosa hilo huwa halifanyiki kwenye kibanda cha wakala. Linafanyika mbali, siku ile watu wanapoandika masharti ya zabuni ya kununua mashine na mifumo.

Tulifikaje hapa

Tukumbushane kidogo. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchi nzima Mei 1, 2019. Ukitaka laini, lazima uwe na namba ya NIDA, na kidole chako kilingane na kile kilichohifadhiwa NIDA. Mwisho wa zoezi ulipangwa Desemba 31, 2019. Watu wakajazana kwenye ofisi za NIDA, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na Januari 20, 2020 ndiyo ikawa mwisho. Baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa.

Sina ugomvi na lengo. Matapeli wa "tuma kwenye namba hii" walikuwa wametuchosha. Mtu leo anaweza kupiga *106# akaona laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na hilo ni jambo jema. Lakini tujiulize kidole kimebeba nini siku hizi. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo laini ya simu imekuwa ndiyo benki ya mwananchi wa kawaida. Malipo ya tumbaku na mpunga, ada ya mtoto, ruzuku ya TASAF kwa wanaolipwa kwa simu, mkopo mdogo wa dharura, vyote vinapita kwenye laini. Kwa hiyo kidole kikikataliwa, mtu anafungiwa mlango wa duka, wa benki na wa serikali kwa mkupuo mmoja.

Sasa tuangalie mkoa wetu. Katavi ilianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilituhesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikatukuta 1,152,958. Tumezidi maradufu ndani ya miaka kumi. Na watu hawa wanafanya kazi gani? Wanalima, wanachunga, wanachimba dhahabu. Ni kazi za mikono, na mikono hiyo ndiyo mashine inayoitaka.

Kisoma alama za vidole kinatafuta yale matuta madogo ya ngozi kwenye ncha ya kidole. Matuta hayo yanachakaa. Anayefunga tumbaku kwenye fito msimu baada ya msimu na kuingia nayo kwenye mabani, anayeponda mawe ya dhahabu, fundi wa saruji, mama anayepalilia tangu utoto, wote hawa ngozi zao zinasuguka na kupasuka. Uzee nao unafanya ngozi ikauke na matuta yafifie. Hapo bado hatujamtaja aliyekatwa vidole na mashine ya kukoboa, aliyepoteza vidole kwa ukoma, au ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa mikono na wauaji katika kanda hizi za magharibi. Hebu fikiria, mtu amenusurika panga, anafika kwa wakala, anaambiwa aweke kidole!

Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kila tisa. Wanaosema "hao ni wachache" wahesabu upya.

Laini kwa jina la binti

Jirani yangu mmoja hapa Majengo ni mchimbaji wa zamani. Mkono wa kulia umebaki na kidole gumba nusu, wa kushoto vidole vimekakamaa na ncha zake ni laini kama kioo. Namba ya NIDA anayo. Laini yake ilipopotea nilimsindikiza kuirudisha. Tulizunguka vibanda vitatu. Wa kwanza alijaribu mara nne akasema mtandao unagoma. Wa pili alimpaka mafuta kidoleni, akakifuta, akajaribu tena, wapi. Wa tatu, kijana mstaarabu tu, akasema, "Mzee, rahisi mlete binti yako, tusajili kwa jina lake."

Ndivyo ilivyofanyika. Tatizo limekwisha, si ndio? Hapana bwana. Kisheria ile laini sasa ni ya binti. Pesa iliyomo inasomeka kwa jina la binti. Mzee akiuza mahindi, aliyemtumia anaona jina la mwanamke na kupiga simu kuuliza kama amekosea namba. Binti akiolewa mbali na laini ikapotea tena, mzee hawezi kuirudisha bila kumsafirisha. Binti akifariki, mzee anaanza kuhangaika na mirathi kwa ajili ya akiba yake mwenyewe. Na siku laini ikitumika kwa uhalifu, atakayeulizwa ni binti ambaye hata simu hajaishika.

Yule kijana wa kibanda simlaumu hata kidogo. Alitumia njia pekee aliyokuwa nayo mkononi. Mfumo uliofika kwenye kibanda chake ulikuwa na mlango mmoja, naye akamtafutia mzee dirisha.

Kinachouma ni kwamba mlango wa pili haupo mbali. Ukiomba namba ya mlipakodi kwenye tovuti ya TRA, ukishaingiza namba ya NIDA mfumo unakuuliza maswali ambayo wewe ndiye unayeyajua kuhusu taarifa zako, na ukijibu sawasawa unatambuliwa. Hakuna kidole hapo. Hazina ya taarifa ni ile ile ya NIDA. Kama maswali yanatosha kukutambua kwa kodi, kwa nini yasiwe yanapatikana kwa kila wakala, kwa kila mtu ambaye kidole chake kimegoma, tena kwa utaratibu ulioandikwa ukutani ili asiutegemee moyo wa mtu?

ATM inayoongea na kioo kisichogusika

Tuhamie kwenye vibonyezo. Ukienda kwenye ATM, pitisha kidole juu ya namba 5. Utahisi kinundu kidogo. Kinundu hicho kipo hata kwenye kitochi chako. Asiyeona akishaipata 5, anajua 2 iko juu, 8 iko chini, 4 kushoto na 6 kulia. Kwa hiyo namba ya siri anaweza kuiingiza mwenyewe bila shida.

Shida inaanza baada ya hapo. Skrini inauliza: kutoa pesa au kuangalia salio? Shilingi ngapi? Unataka risiti? Maswali yote hayo yako kwenye kioo, na majibu yako kwenye vibonyezo vya pembeni visivyo na alama au kwenye kioo chenyewe. Asiyeona amefika katikati ya mto na daraja limeishia hapo. Anafanyaje? Anamwita mlinzi. Anamwita mtu aliye nyuma kwenye foleni. Anampa kadi na namba ya siri mtu asiyemjua. Halafu kwenye mabango tunaandika "usimpe mtu yeyote namba yako ya siri".

Suluhisho limekuwepo siku nyingi. Kanada walikuwa na ATM inayoongea mwaka 1997, na Marekani walifunga ya kwanza San Francisco mwaka 1999. Mteja anachomeka spika za masikioni zile za kawaida, mashine inamsomea kila hatua sikioni, yeye anajibu kwa vibonyezo. Aliye nyuma yake hasikii kitu. Kanuni za Marekani za mwaka 2010 zimeingia hadi kwenye alama za vibonyezo: cha kukubali kina duara lililonyanyuka, cha kufuta kina mshale wa kushoto, cha kusitisha kina herufi X, zote za kuhisi kwa kidole. Kitu cha kubonyeza hakitakiwi kuwa juu zaidi ya kama sentimita 122 kutoka chini, ili aliyekaa kwenye kiti mwendo akifikie. India nayo, ambayo si nchi ya matajiri, benki kuu yao ilianza mwaka 2009 kuzitaka benki zihakikishe angalau theluthi moja ya ATM mpya zinaongea na zina nukta nundu kwenye vibonyezo. Mwaka 2014 ikataka ziwe mpya zote.

Sisi huku tunaelekea wapi? Naona tunarudi nyuma huku tukidhani tunaendelea. Mashine mpya za malipo madukani, zile zinazofanana na simu janja, hazina vibonyezo kabisa. Namba zinachorwa kwenye kioo. Asiyeona akipapasa anakuta utelezi mtupu, hakuna kinundu cha 5. Nyingine huchanganya mpangilio wa namba kila mara kwa ajili ya usalama, kwa hiyo hata kukariri hakusaidii. Kilichomlinda mmoja ndicho kilichomfungia mwingine nje, na hakuna aliyeulizwa.

Kuhusu urefu, wewe mwenyewe pita mjini ukaangalie. Hesabu ni ATM ngapi zina ngazi mbili au tatu kabla hujaifikia mashine. Angalia madirisha ya vibanda vya mawakala, yale ya nondo, ambayo hata mtu mfupi anainua kidevu. Mama aliye kwenye kiti mwendo anaingiza namba ya siri mkono ukiwa juu ya kichwa, haoni anachobonyeza, na foleni yote inaona.

Kwenye simu mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Mwenye kitochi asiyeona anakariri: nyota 150 nyota 00 reli, kisha namba ya kutuma pesa, na kuendelea. Kuna watu wanaifanya kwa kasi kuliko mimi mwenye macho. Lakini siku kampuni ikibadilisha mpangilio wa menyu, kilichokuwa cha kutuma pesa kinakuwa kitu kingine, na hakuna sauti ya kumwambia. Na menyu zile hazisubiri. Ukichelewa kidogo, zinajifunga. Kiziwi naye akipata tatizo la muamala anaambiwa apige huduma kwa wateja. Apige aongee na nani?

Siri ya kura na siri ya pesa

Kuna jambo moja linanipa matumaini na kunikera kwa pamoja. Kwenye uchaguzi, nchi hii imeshakubali kwamba siri ya mtu asiyeona ni siri kama ya mwingine. Tume ya Uchaguzi huandaa jalada maalum la nukta nundu. Karatasi ya kura inaingizwa ndani yake, mpiga kura anapapasa, anajua wapi pa kuweka alama, anapiga mwenyewe. Asiyejua nukta nundu anachagua mtu anayemwamini amsaidie. Kifaa chenyewe hakihitaji umeme wala mtandao, tena huku vijijini ndicho hasa kinachotufaa.

Kwa hiyo akili ya kufanya hivi tunayo. Kwa nini tuilinde siri ya kura inayopigwa mara moja kwa miaka mitano, halafu tuiache siri ya pesa inayotumika kila siku?

Majirani zetu wa Kenya nao wana funzo kwenye uchaguzi wao. Wanatumia vifaa vya kutambua wapiga kura kwa vidole. Lakini kanuni zao zinasema kidole kikigoma, karani atafute jina kwa namba ya kitambulisho, na fomu 32A ijazwe mbele ya mawakala wa vyama. Unaona tofauti? Hawakusubiri karani awe na huruma. Mlango wa pili umeandikwa kwenye kanuni, una fomu na una mashahidi.

India wamekwenda mbali zaidi kwa njia ya mahakama. Mwanamke aliyemwagiwa tindikali, Pragya Prasun, alikwenda kufungua akaunti ya benki mwaka 2023. Mfumo ulimtaka apepese macho mbele ya kamera ili kuthibitisha kwamba yuko hai. Macho yake yameharibiwa na tindikali, hawezi kupepesa. Alikwenda mahakamani. Aprili 30, 2025 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India iliamua kwamba kufikia huduma za kidijitali ni sehemu ya haki ya kuishi iliyomo kwenye katiba yao, na ikatoa maagizo 20 kwa serikali na vyombo vya usimamizi, likiwemo la kuweka njia nyingine badala ya kupepesa macho. Tofauti kati ya kupepesa macho na kuweka kidole ni nini? Mimi siioni.

Sheria zetu zinasemaje

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inazungumzia ufikivu, na inataja waziwazi teknolojia ya habari na mawasiliano pamoja na majengo na usafiri. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9. Benki Kuu nayo ina mpango wa taifa wa huduma jumuishi za fedha wa 2023 hadi 2028. Karatasi hatuna upungufu nazo.

Zaidi ya hapo, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarudishwa mwaka 2024. Halmashauri zetu tano, yaani Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, zote zinahusika. Sasa fuatilia safari ya hiyo asilimia 2. Kikundi kinafungua akaunti, watia saini wanapeleka alama za vidole, pesa inaingia, mtu anakwenda kuitoa. Kwenye kila kituo cha safari hiyo kuna mashine. Serikali inatoa pesa kwa mkono mmoja kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, na mashine iliyonunuliwa kwa mkono mwingine inamzuia asiishike mwenyewe. Anayeishika ni msaidizi. Na sote tunajua visa vya misaada inayoishia mikononi mwa wasaidizi.

Hoja za upande wa pili

Nimeshazungumza na watu juu ya hili, na majibu huwa matatu.

La kwanza, "wakala au ndugu atamsaidia". Ni kweli, watu wetu wana utu na wengi husaidia kwa nia njema. Lakini msaada wa hiari ni kitu kimoja, kulazimishwa kutegemea ni kingine. Mtu akiomba kusindikizwa, asindikizwe. Ila asilazimishwe kumtajia mtu baki namba ya siri kwa kuwa mashine haina sauti. Na akiibiwa, atajibiwa kwamba kosa ni lake, kwani nani alimwambia atoe namba ya siri?

La pili, "ni gharama". Hapa ndipo tunapopigana chenga. Gharama kubwa ni ya kurekebisha mashine iliyokwisha kufungwa. Ukidai sauti ya Kiswahili, tundu la spika na vibonyezo vya kuhisi tangu kwenye zabuni, muuzaji anakuja navyo, kwa sababu wateja wake wa nchi nyingine wanavidai. Ulaya sheria yao ya ufikivu imeanza kutumika Juni 28, 2025, ikihusu ATM, mashine za tiketi na nyinginezo za kujihudumia. Lakini hata wao wameruhusu mashine za zamani zilizokwisha kufungwa ziendelee hadi zichakae, isizidi miaka 20. Miaka ishirini! Ndiyo maana ya kukosea kwenye zabuni. Mtoto anayezaliwa leo hospitali ya Mpanda anaweza kuja kuikuta mashine mbovu tunayoinunua leo akiwa chuo kikuu. Na viwanda vilivyozuiwa kuuza mashine zisizofikika Ulaya vitatafuta soko kwingine. Tusiwe sisi.

La tatu, "usalama wa taifa, kidole hakidanganyi". Sawa, kidole kiendelee. Hakuna anayesema kiondolewe. Tunasema kisiwe peke yake. Tena usalama gani unaopatikana pale ambapo laini ya mzee inasajiliwa kwa jina la binti? Mfumo uliokusudiwa kujua nani anatumia laini gani unalazimisha uongo kwenye daftari lake wenyewe.

Tufanye nini hapa Katavi

Naleta manne, na yote yanawezekana bila kusubiri Dodoma au Dar es Salaam zibuni kitu kipya.

Moja, kila sehemu inayodai kidole iwe na njia ya pili iliyoandikwa na kubandikwa mahali panapoonekana: kidole kikigoma, hatua ni hizi, anayehusika ni huyu. Mamlaka ya Mawasiliano na Benki Kuu ndizo zenye nguvu ya kuagiza hivyo kwa kampuni na benki.

Mbili, halmashauri zikiandaa zabuni ya mashine yoyote itakayotumiwa na wananchi, ziongeze mistari mitatu: iongee Kiswahili, iwe na vibonyezo vya kuhisi kwa mkono, ifikiwe na mtu aliyekaa. Mkoa wetu ni mchanga, bado tunajenga stendi, hospitali na ofisi. Wenzetu wa miji mikongwe wana kazi ya kubomoa. Sisi tuna bahati ya kujenga sawasawa mara ya kwanza.

Tatu, mashine ijaribiwe na wanaohusika kabla ya kupokelewa. Sheria ya 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na vyama vipo, SHIVYAWATA ikiwa mwavuli wao. Mwite asiyeona mmoja, asiye na vidole mmoja, wa kiti mwendo mmoja, na kiziwi mmoja. Wape nusu saa na mashine. Watakachokuambia hakuna mhandisi atakayekuambia.

Nne, yale madogo yafanywe kesho. Wakala ashushe meza au aivute mashine nje ya dirisha la nondo impelekee mteja mkononi. Benki iweke mteremko wa saruji pembeni ya ngazi, ni mifuko michache tu. Namba ya malalamiko ipokee ujumbe mfupi, isiwe ya kuongea tu.

Ndugu zangu, huyu tunayemwongelea si mtu wa kando. Ukijaliwa kuishi, utazeeka. Macho yatafifia, mikono itatetemeka, ngozi ya vidole italainika. Mashine tunazozikubali leo zinatusubiri.

Ningependa kusikia kutoka kwenu mlioko Inyonga, Majimoto, Karema, Mishamo na kwingineko. Kidole kikigoma huko kwenu, mnafanyiwaje? Kuna wakala au ofisi iliyopata njia nzuri ambayo wengine waige? Na wewe uliye mwenye ulemavu, tueleze mwenyewe, maana wewe ndiye unayejua, mimi nimeandika kwa kuona na kusikia tu. Mawakala nanyi semeni, mnaandamwa bure wakati mwingine.

Naomba kuwasilisha.